Robert La Follette, Gavana wa Wisconsin, na Haki ya Kuteua Wagombea

Watu wanapozungumza juu ya uchaguzi huitazama sana siku ya kupiga kura, wakaisahau siku iliyoitangulia, yaani siku ambapo majina ya wagombea yaliteuliwa. Hata hivyo, mwenye kuandika orodha ya majina huwa amekwisha kuifanya nusu ya kazi ya mpiga kura. Ikiwa majina yote yaliyomo katika karatasi ya kura yametoka katika mkono wa kundi lile lile la wakubwa, mpiga kura ana uhuru wa kuchagua lakini hana cha kuchagua. Katika Marekani ya mwanzo wa karne ya ishirini mmoja wa watu waliolishika jambo hili kwa nguvu zote alikuwa Robert Marion La Follette, gavana wa jimbo la Wisconsin tangu Januari 1901 hata mwanzo wa mwaka 1906. Makala hii yaeleza maisha yake na kazi yake, na hasa sheria moja aliyoipigania kwa miaka mingi, ambayo baadaye iligeuka ikampinga yeye mwenyewe, na baada ya kufa kwake ikampinga mwanawe.

NCHI NA MALEZI

Wisconsin iko kaskazini mwa Marekani, kati ya Ziwa Michigan upande wa mashariki na mto Mississippi upande wa magharibi. Ilikubaliwa kuwa jimbo mwaka 1848. Mwaka 1900 ilikuwa na watu zaidi ya 2,000,000, na wengi katika hao walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji: Wajerumani kwanza, kisha Wanorwe, Waswidi, Wapoland na wengineo. Kijerumani na Kinorwe vilisikika makanisani, shuleni na katika magazeti. Wenyeji walikata mbao kaskazini, na kusini walilima. Nao wakulima walikuwa wakiiacha ngano na kushika ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mbao, nafaka, siagi na jibini, vyote vilikwenda sokoni kwa reli, na kwa hiyo aliyeishika reli aliishika riziki ya kila nyumba. Makampuni mawili ndiyo yaliyokuwa makubwa: Chicago, Milwaukee and St. Paul, na Chicago and North Western.

La Follette alizaliwa tarehe 14 Juni 1855 katika nyumba ya magogo huko Primrose, wilaya ya Dane. Baba yake alifariki mtoto angali hajatimiza mwaka mmoja. Mama yake aliolewa tena mwaka 1862 na mzee mkali, mtu wa dini, aliyewalea watoto kwa fimbo. Mwaka 1873 familia ilihamia karibu na Madison, makao makuu ya jimbo, na mwaka 1875 kijana akaingia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa kwa alama zake. Alinunua gazeti la wanafunzi akaliendesha ili apate fedha za kumsomesha na kuwasaidia watu wa nyumbani kwake. Mambo mawili aliyoyapata chuoni yalimfuata maisha yake yote. La kwanza ni mafundisho ya mkuu wa chuo, John Bascom, aliyewaambia wanafunzi kwamba elimu waliyopewa kwa fedha za jimbo ni deni, na deni hulipwa kwa utumishi. La pili ni ufasaha. Mwaka 1879 alishinda mashindano ya hotuba ya vyuo vya majimbo kadha kwa hotuba juu ya Iago, yule mwovu wa tamthilia ya Shakespeare iitwayo Othello. Alimweleza Iago kuwa ni akili isiyo na dhamiri: mtu ajuaye kila kitu juu ya moyo wa mwenziwe, ila hana moyo wake mwenyewe. Alikuwa mfupi wa kimo, lakini alipopanda jukwaani watu waliusahau ufupi wake.

Alipata ruhusa ya kuwa wakili mwaka 1880, na mwaka huo huo akachaguliwa kuwa mwendesha mashtaka wa wilaya ya Dane bila ya kibali cha wakubwa wa chama chake cha Republican. Tarehe 31 Desemba 1881 alimwoa Belle Case, aliyesoma naye chuoni. Bibi huyo alikuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1885, na katika mambo ya sheria na siasa mumewe hakuwa na mshauri aliyemtegemea zaidi yake.

WASHINGTON NA KURUDI NYUMBANI

Tangu 1885 hata 1891 La Follette alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Marekani. Wakati huo hakuwa mpinzani. Alikuwa mtu wa chama kama wenzake. Kilichomwangusha katika uchaguzi wa mwaka 1890 kilikuwa suala la lugha. Mwaka 1889 Wisconsin ilitunga sheria iliyojulikana kwa jina la Bennett, iliyodai kwamba kusoma, kuandika, hesabu na historia ya Marekani vifundishwe kwa Kiingereza katika kila shule, hata shule za makanisa. Wajerumani, Walutheri kwa Wakatoliki, ambao kwa kawaida hawakupatana katika siasa, waliungana kuitetea lugha ya watoto wao, wakawaondoa Warepublican karibu wote. La Follette hakuitunga sheria ile, lakini aliangushwa pamoja na walioitunga. Mwaka 1891 ikafutwa. Tangu hapo alijua kwamba mkulima asiyesema lolote katika mikutano ya chama aweza kuliangusha jengo zima akiguswa panapomuuma.

Alirudi Madison kufanya kazi ya uwakili. Mwezi Septemba 1891 aliitwa katika hoteli moja mjini Milwaukee kuonana na Seneta Philetus Sawyer, mfanyabiashara tajiri wa mbao na mkuu wa chama katika jimbo. Wakati huo serikali iliwadai waliokuwa watunza hazina wa jimbo riba ya fedha za umma waliyoitia mifukoni mwao, na Sawyer alikuwa mdhamini wa baadhi yao. Hakimu wa kesi alikuwa Robert Siebecker, shemeji yake La Follette. La Follette alisema kwamba Sawyer alimpa fedha ili amshawishi hakimu. Sawyer alikana, akasema alitaka kumwajiri kuwa wakili wake tu, wala hakujua habari ya ushemeji. La Follette alilitoa jambo hadharani, na Siebecker akajitoa katika kesi. Tangu siku hiyo milango ya wakubwa wa chama ilifungwa mbele ya La Follette. Marafiki wa zamani walivuka njia wasikutane naye.

JINSI MASHINE ILIVYOFANYA KAZI

Yafaa kueleza hapa utaratibu wa uteuzi ulivyokuwa, kwa kuwa ndio kiini cha habari yote. Mgombea wa chama hakuchaguliwa na wanachama. Wanachama wa kijiji au mtaa walikutana kuchagua wajumbe. Wajumbe hao walikwenda katika mkutano wa wilaya kuchagua wajumbe wengine. Na hao wa pili walikwenda katika mkutano mkuu wa jimbo, ambako ndiko mgombea alikoteuliwa. Katika kila daraja palikuwa na nafasi ya kununua au kutisha. Mkutano wa kijiji ulihudhuriwa na watu wachache. Wajumbe walisafiri kwa tikiti za bure za reli. Na usiku wa kuamkia mkutano mkuu fedha zilipita kutoka chumba hata chumba hotelini. Wamarekani waliuita utaratibu huu mashine, kwa sababu ulitoa matokeo yale yale kila ulipozungushwa.

La Follette aliijua mashine hiyo kwa maumivu. Mwaka 1896 aliuendea mkutano mkuu akiamini kwamba ana wajumbe wa kutosha kumteua kuwa mgombea wa ugavana. Asubuhi wajumbe kadha walikuwa wamekwisha kugeuka, na Edward Scofield akateuliwa. Mwaka 1898 alishindwa tena na mtu yule yule. Kati ya mara hizo mbili, tarehe 22 Februari 1897, alitoa hotuba katika Chuo Kikuu cha Chicago iliyolipa shauri lake umbo: mkutano wa uteuzi uondolewe kabisa, na kila mwanachama amteue mgombea kwa kura ya siri, kama apigavyo kura siku ya uchaguzi wenyewe. Hotuba hiyo aliipeleka katika maonyesho ya wakulima ya wilaya baada ya wilaya. Alisimama juu ya mikokoteni, kati ya mifugo na mashindano ya farasi, akawaeleza watu kwa saa mbili jinsi haki yao ilivyokuwa ikipotea kabla hawajaifikia. Mara nyingine alijitia jasho kwa hesabu za kodi: shamba la mkulima lilitozwa kiasi gani kwa kila dola ya thamani yake, na reli ipitayo kando ya shamba hilo ilitozwa kiasi gani.

UGAVANA

Mwaka 1900 wapinzani wake walichoka, na baadhi yao wakadhani kwamba akipewa cheo atatulia. Aliteuliwa bila ya upinzani, akachaguliwa kwa ziada ya kura zaidi ya 100,000. Alikuwa gavana wa kwanza aliyezaliwa katika Wisconsin yenyewe. Januari 1901 aliivunja desturi kwa kwenda mwenyewe mbele ya Bunge la jimbo kuisoma hotuba yake, badala ya kuipeleka kwa maandishi. Alidai mambo mawili: sheria ya uteuzi kwa kura, na kodi ya reli itakayolingana na thamani ya mali.

Bunge lilikuwa na Warepublican wengi, na miswada yote miwili ilianguka. Wabunge wa kundi la zamani walijiita Stalwarts, maana yake watu imara. Walipitisha badala yake mswada dhaifu wa uteuzi, wa vyeo vya wilaya tu, naye akakataa kuutia sahihi. Walipitisha pia kodi ya mbwa. Alikataa hiyo nayo, akiwakumbusha kwamba Bunge lililoona vigumu kuyatoza makampuni ya reli limeona wepesi kumtoza mkulima maskini kwa mbwa wake. Nusu ya jimbo ilicheka, na nusu ya pili ilikasirika. Kazi ilimchosha gavana hata akaugua kwa miezi.

Alichaguliwa tena mwaka 1902. Bunge la 1903 lilipitisha kodi ya reli kwa kipimo cha thamani ya mali, na likapitisha sheria ya uteuzi kwa sharti kwamba wananchi wenyewe waulizwe kwa kura mwaka 1904. Lakini mswada wa kuunda tume ya kusimamia nauli za reli ulikataliwa. Ndipo La Follette alipoitumia silaha aliyokuwa maarufu kwayo. Katika kampeni ya 1904 alikwenda katika jimbo la uchaguzi la kila mbunge aliyempinga, hata akiwa wa chama chake, akafungua kitabu cha kumbukumbu za Bunge, akasoma: mswada fulani, tarehe fulani, mbunge wenu alipiga kura hivi. Hakutukana wala hakupamba. Wasikilizaji waliokuja kutazama ugomvi walipewa orodha, nayo orodha ilitosha. Wengi wa wabunge hao hawakurudi Madison.

Mwaka huo chama kilipasuka. Katika mkutano mkuu wa Mei 1904, uliofanyika katika ukumbi wa mazoezi wa Chuo Kikuu, Stalwarts walitoka nje, wakakutana katika jumba la michezo ya kuigiza la mjini, wakamteua mgombea wao. Mahakama Kuu ya jimbo iliamua mwezi Oktoba kwamba mkutano wa La Follette ndio halali. Mwezi Novemba alishinda mara ya tatu, na wananchi wakaikubali sheria ya uteuzi kwa kura nyingi. Wisconsin ikawa miongoni mwa majimbo ya kwanza kuwa na sheria iliyoenea jimbo zima ya kuteua wagombea kwa kura ya watu.

Mwaka 1905 Bunge jipya liliunda tume ya reli yenye mamlaka ya kurekebisha nauli zisizo za haki, na mmoja wa makamishna wake watatu alikuwa Balthasar Meyer, profesa wa Chuo Kikuu. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuajiri watumishi wa serikali kwa mtihani, nayo iliandikwa kwa msaada wa John R. Commons, mwanachuoni wa mambo ya uchumi. Chuo na Serikali vilikuwa katika mji mmoja, ncha mbili za barabara moja, na gavana alitaka watu wapite katika barabara hiyo. Charles Van Hise, aliyesoma naye darasa moja, alikuwa mkuu wa chuo tangu 1903. Charles McCarthy aliongoza maktaba iliyoanzishwa 1901 kuwasaidia wabunge kuandika miswada, ili mbunge aliyetoka shambani asilazimike kumwendea wakili wa kampuni ya reli kuandikiwa sheria. Utaratibu huu baadaye uliitwa Wazo la Wisconsin.

Si haki kumsifu bila ya kutaja lawama. La Follette aliivunja mashine ya wengine, lakini naye alijijengea yake. Wakaguzi wa uwindaji, waliolipwa na jimbo, walizunguka vijijini wakimfanyia kampeni. Aligawanya watu katika makundi mawili tu, wema na wabaya, na rafiki aliyetofautiana naye mara moja alihesabiwa kuwa msaliti.

SHERIA NA MWENYE KUITUNGA

Januari 1905 Bunge lilimchagua kuwa Seneta wa Marekani, lakini hakuuacha ugavana mpaka kazi yake ya sheria ilipomalizika. Alikwenda Washington Januari 1906. Makamu wake, James O. Davidson, mzaliwa wa Norwe aliyewahi kuwa mwenye duka, akashika ugavana. La Follette alimwona mtu mwema asiye na kimo cha kazi hiyo, akamtaka Irvine Lenroot, kijana hodari wa asili ya Kiswidi, awe mgombea. Mwaka 1906 ndipo sheria ya uteuzi ilipotumika jimbo zima kwa mara ya kwanza. La Follette alizunguka akimhubiri Lenroot. Wanorwe walitukanika, na wengi wasio Wanorwe waliona hakuna sababu ya kumwondoa gavana asiye na kosa. Davidson alishinda kwa kura nyingi.

Lau utaratibu wa zamani ungalikuwapo, Seneta mwenye nguvu kama zile angaliita wajumbe wachache hotelini na Lenroot angaliteuliwa. Aliyemzuia La Follette alikuwa La Follette. Magazeti ya wapinzani yalifurahi, lakini kwa kweli hapakuwa na ushahidi bora kuliko huo kwamba sheria ilikuwa ya kweli: haikumjua aliyeitunga.

SETI YA VITA NA AMANI

Katika Seneti alikaa karibu miaka ishirini. Mwaka 1909 alianzisha gazeti lake la kila juma, ambalo ndilo asili ya gazeti la The Progressive. Humo mkewe aliandika juu ya haki ya wanawake ya kupiga kura, na pia alishutumu desturi ya kuwatenga watumishi weusi katika ofisi za Serikali mjini Washington, wakati ambapo waandishi wengi weupe walinyamaza. Mwaka 1912 La Follette alitaka urais, lakini hotuba ndefu ya hasira aliyoitoa Philadelphia mwezi Februari mbele ya wachapishaji wa magazeti, akiwa amechoka na binti yake mgonjwa, iliwapa wafuasi wake wengi sababu ya kuhamia kwa Theodore Roosevelt. Mwaka 1915 sheria yake iliwatoa mabaharia wa Marekani katika hali iliyokaribiana na utumwa, kwani kabla yake baharia aliyeacha meli aliweza kufungwa.

Jaribio kubwa lilikuja na vita. Tarehe 4 Aprili 1917 maseneta 82 walikubali vita juu ya Ujerumani, na 6 walikataa. La Follette alikuwa mmoja wa hao 6. Tarehe 20 Septemba alihutubia mkutano wa wakulima mjini St. Paul. Alisema kwamba Marekani ilikuwa na malalamiko juu ya Ujerumani, ila malalamiko hayo hayakutosha kuiingiza nchi vitani. Shirika la habari la Associated Press likatangaza nchi nzima kwamba alisema Marekani haikuwa na malalamiko yoyote. Ukanushi mmoja mdogo uliotiwa mahali pasipokuwa na ukanushi uliyageuza maneno yote. Seneti ilipokea maombi ya kumfukuza. Januari 1918 walimu zaidi ya 400 wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, chuo alichokiweka karibu na moyo wa serikali yake, walitia sahihi waraka wa kumlaani, na mwezi Machi Bunge la jimbo likamlaani pia. Msema kweli hana wajoli. Mwezi Mei shirika lile lilikiri kosa lake, na Januari 1919 Seneti ilitupilia mbali mashtaka kwa kura 50 dhidi ya 21. Ni wapiga kura waliomrudishia heshima, walipomchagua tena mwaka 1922 kwa ziada kubwa sana.

MWISHO WAKE

Mwaka 1924 aligombea urais nje ya vyama viwili vikubwa, pamoja na Seneta Burton K. Wheeler wa Montana. Alipata kura zipatazo 4,800,000, yaani kura moja katika kila sita, akawa wa pili katika majimbo 11, lakini alishinda Wisconsin peke yake. Alifariki Washington tarehe 18 Juni 1925, akazikwa Madison. Mwanawe Robert alikishika kiti chake katika Seneti, na mwanawe Philip alikuwa gavana wa Wisconsin mara mbili katika miaka ya 1930. Mwaka 1957 kamati ya Seneti iliyoongozwa na John F. Kennedy ilimchagua kuwa mmoja wa maseneta watano wa kukumbukwa kuliko wote, na picha yake ikatundikwa katika ukumbi wa kupokelea wageni wa Seneti.

Lakini sheria yake ilikuwa imekwisha kusema neno jingine. Katika kura ya uteuzi ya Warepublican ya mwaka 1946, Robert mwana, aliyekuwa Seneta kwa miaka 21, alishindwa kwa kura zisizozidi 6,000 na hakimu kijana ambaye nje ya jimbo hakujulikana sana. Jina la hakimu huyo lilikuwa Joseph McCarthy, ambaye baada ya miaka michache aliitia Marekani hofu kwa kuwatuhumu watu ukomunisti bila ya ushahidi. Mkutano wa wajumbe wa mtindo wa zamani pengine ungalimhifadhi La Follette mwana. Kura ya watu haikumhifadhi.

Wako waliosema kwamba mwaka 1946 ulionyesha ubovu wa kazi ya yule gavana. Hoja hiyo ina uzito, wala haijibiwi kwa kumtaja McCarthy kuwa ni ajali. La Follette aliamini kwamba watu wakipewa habari kamili watachagua vema; ndiyo maana hakuitenga kamwe kura ya uteuzi na kile kitabu cha kumbukumbu alichokisoma mikokotenini. Sheria ilibaki katika vitabu vya jimbo baada yake. Kazi ya kusoma orodha, mbunge kwa mbunge na kura kwa kura, mbele ya watu waliosimama juani, haikuweza kuandikwa katika sheria, na kila kizazi kilipaswa kumpata mtu wa kuifanya.